Viatu Vimepewa Pembe

Bwiza, Bujumbura, 9 Septemba 2024

Zubeda,

Assalaam alaykum. Salamu nimeitoa kwa sababu ni haki ya Muislamu, si kwa sababu nimekuridhia. Sijakuridhia. Umenifungia simu, umenifungia WhatsApp, hata namba ya mke wangu, wifi yako, umeifungia, eti kwa kuwa nilikuambia utoke. Haya, karatasi haifungiki. Nimempa Nsimire, yule mama wa Uvira anayeuza vitenge mlango wa pili kutoka karakana yangu, maana kila wiki anapanda huko kwenu Kinanira kuwauzia wake za wakubwa. Usiichane mbele yake, atakuja kunihadithia.

Nauliza kama kaka yako mkubwa: nani alikutuma? Jumamosi nzima umekaa uani mwa msikiti, umechomeka kijiti kama mtoto anayetega ndege, unachora chaki kila kivuli kinaposogea, na nyuma yako wanafunzi wako wanaandika. Wazee wanakuja adhuhuri, kijiti kipo. Wanakuja alasiri, kijiti kipo. Halafu unasimama na makaratasi yako unasema, tena kwa sauti ya darasani, kwamba ukuta wa kibla aliojenga Babu hautazami Makka. Mbele ya Shehe Ilias! Mbele ya Faruk wa duka la saruji, ambaye siku zote anatafuta la kusema juu ya ukoo wetu!

Babu alitoka Bagamoyo akiwa fundi mwashi, na matofali yale aliyafyatua kwa mikono yake. Msikiti hauna mnara, hauna zulia la maana, lakini ni jina letu, na ufunguo ninao mimi kama Baba alivyokuwa nao. Sasa vijana wakipita hapa karakana wananiuliza, "Eh Chabani, leo tunaswali ku Makka ao ku Rwanda?" Wananicheka nikiwa nimeshika chuma cha moto. Siku moja nitamchoma mmoja wao.

Nataka uje Ijumaa, usimame mlangoni, useme ulikosea hesabu. Mwalimu naye hukosea. Ukishasema, mimi nitasahau na wewe utasahau.

Ni mimi kaka yako, ingawa wiki hii sioni faida yake,
Chabani


Kinanira, 12 Septemba 2024

Kaka Chabani,

Wa alaykum salaam. Ulinifukuza mbele ya wanafunzi wangu. Uliniambia "toka" kama unavyomwambia mbuzi aliyeingia jikoni. Nimeapa sitakanyaga kwako mpaka uniombe radhi, na kiapo changu kipo pale pale.

Kukosea sijakosea, na uongo sisemi, hasa mlangoni mwa msikiti. Nisikilize walau mara moja. Chukua ramani. Weka nukta Bujumbura, weka nukta Makka. Kutoka Bujumbura piga mstari kwenda kaskazini moja kwa moja. Kutoka Makka piga mstari kwenda magharibi mpaka ukutane na ule wa kwanza. Sasa unganisha Bujumbura na Makka. Hiyo ni pembetatu. Pale mistari ilipokutana ni pembe mraba, digrii tisini. Pembe ya Makka nimeipima kwa kipimapembe, ile raporteri ya wanafunzi: sitini na nane. Ya Bujumbura: ishirini na mbili. Jumlisha zote upate mia na themanini, kama pembetatu yoyote utakayoichora kwenye karatasi. Kwa hiyo mtu wa Bujumbura aelekee kaskazini, kisha ageuke kulia digrii ishirini na mbili. Ukuta wa Babu haukugeuka hata moja. Na kijiti kilikuwa cha kutafuta kaskazini ya kweli, kwa kuwa simu za vijana zinadanganywa na vyuma vyako na mabati. Moja inaonyesha huku, nyingine kule, ndiyo maana wazee hawakuzisikiliza.

Babu sikumtukana. Ukiwa Bagamoyo, Makka iko kaskazini, karibu sawasawa kabisa. Alifundishwa hivyo tangu utotoni: jua la asubuhi liwe bega la kulia, basi uswali. Akaja huku bara, akasimama vile vile, jua bega la kulia, akajenga. Alibeba kibla cha kwao kama mtu anavyobeba mkeka wake. Hakuna aliyemwambia kwamba ukihama, pembe nayo inabadilika. Hilo nilitaka kulisema siku ile, ukanikatiza.

Unasema unamtetea Babu. Huna lolote. Unaogopa kuchekwa na Faruk, na kwa ajili hiyo unataka mimi nidanganye watu juu ya sala yao. Sitakuja Ijumaa.

Mama hajambo? Mwambie namsalimu sana.

Zubeda


Bwiza, 29 Septemba 2024

Zubeda,

Assalaam alaykum.

Shehe Ilias alifungua kitabu, akasema sala zote za zamani ni sahihi, aliyekosa bila kujua hana dhambi, na kuelekea upande wa Makka tu kunatosha. Ningefurahi kama ingeishia hapo. Lakini ulishawatia watu wasiwasi. Ijumaa ya kwanza mmoja akageuka kulia kidogo. Ijumaa ya pili wakawa kumi, kila mmoja na digrii zake, safu ya mbele imekaa kama meno ya msumeno. Mtu akirukuu anampiga kiwiko jirani. Wawili nusura washikane mashati, tena kabla hata ya salamu.

Kamati imekaa. Imeamua safu zigeuzwe. Mistari nimeichora mimi mwenyewe kwa rangi nyeupe, nikifuata digrii zako, kwa hiyo furahi. Shehe sasa anasimama kwenye kona ya mbele kulia, na kibla cha Babu kimebaki ukutani peke yake kama dirisha lililozibwa. Mahali pamebana kidogo, lakini tumepanga.

Mama hajambo.

Chabani


Kinanira, 1 Oktoba 2024

Kaka,

Wa alaykum salaam. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta neno "samahani." Sikuliona, na sikushangaa. Wewe ukikanyaga mguu wa mtu, unamlaumu kwa kuuacha njiani.

Lakini umefuata vipimo, na kwa hilo nakushukuru. Wanafunzi nimewaeleza. Walipiga makofi. Mmoja aliniuliza kama sasa watu wa Bwiza watanipa kiti cha heshima. Nikamwambia watu wa Bwiza nawajua, heshima yao huja mtu akishakufa.

Kinachoniudhi ni Mama. Nampigia simu kila jioni, inaita mpaka inachoka. Nimejua: umemjaza maneno. Umemwambia nimemtukana baba mkwe wake. Jana nilimuuliza Nsimire habari za Mama, akakunja vitenge vyake haraka haraka, akasema mafuta hakuna mjini na basi la mwisho litamwacha. Ilikuwa saa nane mchana! Mwambie Mama kwamba mwanawe amemnyooshea kibla, na akipenda hasira zako, basi azipende, ila apokee simu.

Zubeda


Bwiza, 7 Oktoba 2024

Zubeda mutoto wangu,

Ni mama yako nasema. Anayeandika ni Nsimire, juu macho yangu ya karibu imekwisha, ya mbali tu ndiyo imebaki. Na hapa kwa Chabani nikimwambia mutu aniandikie, ataweka sukari mu maneno yangu. Mi sitaki sukari.

We ulisoma. Ulisoma mistari, ulisoma pembe, nikafurahi, nikajisifu mu kartie muzima, mutaa wote. Sasa nakuuliza: mu ile hesabu yako yote, mahali pangu iko wapi?

Mi naswali mu ule musikiti tangu nilipoletwa hapa bibi harusi. Nyuma kabisa, nyuma ya rido, lile pazia, sisi wamama. Niliswali pale na mimba yako. Ile Ijumaa waligeuza safu nimeenda na mukeka wangu, nakuta rido haiko. Wanaume wamejaa mpaka nyuma, wamesimama upande-upande kama ndagala za ziwa zilizoanikwa. Kuko kona moja imebaki nyuma, ile ambayo safu zao haziingii. Nikasema, sawa, nitakaa pale. Nakuta wameweka etajeri ya chuma ya kupanga viatu. Viatu, Zubeda! Kijana mumoja ananiambia, "Bibi, wamama sasa mutaswali nyumbani. Ni juu ya kibla. Dada Zubeda ndiye alipima." Jina yako! Mutoto niliyezaa ndiye amenitoa!

Nikatandika mukeka inje, ku barabara, jua linawaka, mapikipiki yanapita. Nikaswali. Simu yako nasikia inaita. Naiacha iite.

(Mi Nsimire: hapa amesema neno moja, nimeliacha. Tena analia, lakini amesema nisiandike kama analia.)

Unasema hesabu yako ni ya kweli. Sikatai. Lakini kweli yako imenitupa inje.

Mama yako


Kinanira, 8 Oktoba 2024

Chabani,

Salamu nitakupa siku nyingine.

"Mahali pamebana kidogo, lakini tumepanga." Uliandika hivyo kwa mkono wako. "Mama hajambo." Uliandika na hilo! Mama yupo barabarani na mkeka, anaswali katikati ya mapikipiki, na wewe unaniandikia hajambo. Nimejifungia jikoni nikalia kwa hasira mpaka mume wangu akadhani kuna msiba.

Msikiti ule naujua kwa kuupima. Upana wake mita nane. Ukizigeuza safu kwa digrii ishirini na mbili, zinaacha pembetatu mbili, moja mbele na moja nyuma, zinafanana kama mapacha. Ya mbele mmempa imamu. Ya nyuma ina pembe mraba kwenye kona ya kushoto. Upande wa mashariki inachongoka, digrii ishirini na mbili. Ukutani magharibi ni sitini na nane. Kwenye kona yenyewe ina kina cha mita tatu na zaidi. Ni nusu ya mahali walipokuwa wanawake zamani. Nusu, Chabani! Nusu si sifuri. Mama na wenzake wanaenea pale bila kubanana. Mngelivuta pazia kwenye ule upande wa mshazari, nyuma ya safu ya mwisho, mambo yakaisha.

Badala yake viatu vimepewa pembe na mama yetu hakupewa. Raba za Faruk zina nafasi katika nyumba ya Mungu kuliko mwanamke aliyeifagia kabla hujazaliwa. Maana najua ni Faruk. Kichwa kile kinawaza saruji tu. Lakini wewe ulikuwa wapi? Umekaa kwenye kamati umefunga mdomo, ufunguo mfukoni? Na hesabu yangu mmeitumia kama fimbo, mkaitia jina langu, mkampiga nayo mama yangu!

Ondoeni hiyo takataka ya chuma. Mrudisheni Mama.

Zubeda


Bwiza, 13 Oktoba 2024

Zubeda,

Assalaam alaykum. Mimi salamu sikunyimi.

Faruk hakusema kitu. Aliyesema wanawake waswali nyumbani ni mimi. Na hiyo takataka ya chuma nimeiunga mimi, kwa chuma changu na umeme wa kuvizia, unakuja saa moja unakatika tatu. Kikulacho ki nguoni mwako. Haya, umejua.

Sasa na wewe ujue mengine. Safu zilipogeuka tulipoteza safu mbili za wanaume. Watu walibaki nje wakipiga kelele. Wakasema ukoo wetu umewaharibia msikiti: babu alikosea, mjukuu kaja kuumbua, na sasa hata pa kusimama hakuna. Wakasema ufunguo apewe mtu mwingine. Niliona midomo yao, Zubeda. Watu niliowaungia mageti, watu waliokula pilau ya harusi yangu. Nikasema, basi, chukueni nyuma. Nilidhani Mama atakuwa wa kwanza kunielewa, kwa kuwa ufunguo ule ulikuwa wa mume wake. Yeye tangu siku ile chakula changu hali. Anapikiwa na Nsimire, ugali na sombe ya majani ya muhogo, anakula mlangoni kwake huku ananiangalia.

Wewe unapima, unakunja karatasi, unapanda basi kwenda kwenye upepo wa Kinanira. Anayebaki na watu ni mimi. Ulijua msikiti ni mita nane. Ulijua safu zitaacha pembetatu mbili. Mbona hukusema siku ile ya kijiti? Uliona pembe zote ukamsahau aliyekaa ndani yake. Kwa hiyo usinipigie kelele peke yangu.

Viatu vitakaa pale pale.

Chabani


Kinanira, 15 Oktoba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Namwomba Nsimire akusomee taratibu, na akifika mahali utakaponitukana, asisimame, aendelee.

Chabani ameniandikia neno la kweli, na limeniuma kuliko matusi yake yote. Nilizipima pembe sikukupima wewe. Nisamehe. Sikukuomba hivyo kwa simu kwa sababu hukupokea, na sikuja kwa miguu kwa sababu ya kiapo cha kijinga.

Lakini Mama, mahali pako papo. Hesabu ile ile iliyokutoa inakurudisha. Ile kona ya nyuma kushoto, penye viatu, safu za wanaume haziifikii na hazitaifikia kamwe, kwa sababu mistari imekatia mbele yake. Hakuna mwanamume utakayemnyang'anya nafasi. Unavinyang'anya viatu tu. Hata Shehe Ilias anajua imesemwa wanawake wasizuiwe misikitini. Alinyamaza, lakini anajua.

Pazia la zamani litakuwa stoo kwa Chabani, nyuma ya mitungi ya gesi, anakoficha kila kitu. Lifungwe kutoka kona ya mashariki, lipite mshazari mpaka ukuta wa magharibi. Wewe utaamua. Mimi safari hii sikuamulii.

Mwanao,
Zubeda


Bwiza, 25 Oktoba 2024

Zubeda,

Assalaam alaykum. Naandika Ijumaa hii hii.

Mama amekuja kabla ya adhana na wenzake wanne, wote wazee, wote wamejitanda meupe. Nsimire amebaki mlangoni ameshika mwavuli, eti yeye ni Mkristo, analinda tu. Hawakuomba mtu. Wamevitoa viatu kwenye etajeri, jozi kwa jozi, wakavitupa nje. Mvua ilikuwa imeanza. Kiatu kimoja cha Faruk kimeelea mferejini kikielekea ziwani, na mwenyewe anakikimbilia na soksi. Halafu wamelitoa pazia la zamani kwenye mfuko wa Nsimire, na hapo nikajua nani ameingia stoo yangu na nani amemwonyesha njia. Wamelifunga mshazari, ncha moja kwenye msumari wa mashariki, na nyingine, usicheke, kwenye etajeri yangu mimi. Wameisukuma upande wa magharibi ikawa mlingoti wa pazia!

Kamati ikanijia yote. "Chabani, mutoe mama yako." Nikaenda. Nimefika mpaka pale kwenye pazia. Mama ameketi na tasbihi, akanitazama usoni, akaendelea kuhesabu. Nikarudi. Nikamwambia Faruk, "We ndiye una nguvu. Mutoe." Faruk akakamua soksi zake. Hakuna aliyekwenda. Shehe Ilias akapanda kuhutubu, akasema alinyamaza pale ambapo hakupaswa kunyamaza, na kwamba wanawake hawatatoka tena. Nilimkasirikia, maana angelisema wiki zile mimi nisingejiaibisha.

Basi kona ni yao. Lakini kuna jambo. Pazia halifiki. Limeacha uwazi upande wa magharibi, upana wa mabega ya mtu, na Mama amekaa pale pale kwenye uwazi. Wanaume wa safu ya mwisho wanalalamika, Shehe naye ameomba pazibwe kabla ya Ijumaa ijayo. Wewe ndiye mpimaji. Lete kitambaa.

Ile "toka" niliyokuambia siku ile, nimeirudisha. Usitake niandike zaidi ya hapo.

Chabani


Kinanira, 28 Oktoba 2024

Kaka, na Mama,

Assalaam alaykum, na safari hii kwa moyo.

Pazia halikufika kwa sababu pazia lile lilikatwa kwa upana wa msikiti, na sasa limelazwa mshazari. Katika pembetatu ya namna ile, upande unaotazamana na pembe mraba huwa mrefu kuliko zingine zote. Upana ni mita nane. Mshazari ni mita nane na nusu na kitu. Hicho kitu na hiyo nusu ndio uwazi wenu.

Nimenunua kwa Nsimire kitenge kizito, kijani, kinachofanana na la zamani. Nimekipima, nimekikata, nimekipinda kingo kwa cherehani yangu mwenyewe. Kinaingia pale bila kuzidi na bila kupungua. Mama, sasa hakuna mwanamume atakayepata la kulalamikia. Utakaa umestirika, na Faruk atatafuta kingine cha kusema.

Kaka, nimekufungulia simu. Usinipigie kabla ya saa kumi na mbili, nina masahihisho ya mitihani.

Zubeda


Bwiza, 2 Novemba 2024

Zubeda,

Ni mama yako. Nsimire anaandika. Nimemwambia Chabani naye akae hapa asikie, juu maneno haya ni ya wote wawili.

Kitambaa yako imefika. Imeshonwa vizuri. Nimeikunja, nimempa Nsimire airudishe. Tena Chabani alikuwa ameshika nyundo na misumari, nimemnyang'anya nyundo.

Kwanza sikiliza. Baba yenu alifia mu ule musikiti. Hiyo munaijua. Alianguka mu safu ya kwanza, watu wako mu sijida. Lakini munajua mi nilikuwa wapi? Nilikuwa pale pale, nyuma ya rido. Nikasikia kitu kimeanguka, nikafikiri ni mutoto amepiga ukuta. Nikamaliza sala yangu yote. Nikatoa salamu kulia, nikatoa salamu kushoto. Nikavuta uradi. Mume wangu amekufa mbele yangu, ni kama kutoka hapa mpaka ku ile jiko, na mi niko navuta uradi! Waliniambia wakati walikuwa wamemufunika. Mwenye aliniambia alisema, "Mama, tulitaka kwanza umalize."

Tangu siku ile naichukia ile rido. Sikusema. Nani angenisikia? Nikawa naenda, nakaa, nasikiliza sauti tu. Mbele wanacheka, sijui wanacheka nini. Shehe analia, sijui analilia nini.

(Mi Nsimire: hapa ameomba maji. Chabani ndiye amemuletea.)

Sasa Mungu ameacha uwazi. Si mi nimekata, si we umekata. Umesema mwenyewe, ni pembe imefanya hivyo. Ijumaa ya kwanza nimeketi pale, nimeinua macho, na nimekuambia ya mbali ningali naona. Nimeona Shehe, kumbe ana mvi. Nimeona kibla ya Babu yenu ku ukuta. Na nimeona Chabani mu safu ya mwisho. Sijamuona anaswali tangu alikuwa mutoto wa kuvaa kaptula. Jana nimemtazama tena. Goti yake ya kushoto haikunjiki. Wenzake wanakaa, yeye anaacha mguu inje, anauma mudomo, anashika ukuta kuinuka. Nimemuuliza usiku kucha tangu lini, ananiambia ni miaka, ilikuwa chuma kilimuangukia. Miaka, Zubeda! Mutoto wangu anaswali na maumivu, mbele yangu, mu nyumba moja, na mi sijui, juu kuko kitambaa.

Na we unaniletea kitambaa ingine.

Mama yenu